Kabla ya Kubadilishwa Nyonga: Mwongozo kwa Mgonjwa wa Lamu na Jamaa Zake

Isipokuwa kwa mzee aliyeanguka akavunjika shingo ya fupa la paja, ambaye kila siku ya kusubiri humzidishia hatari, upasuaji wa kubadilisha nyonga ni jambo la kupangwa kwa wiki au miezi, na muda huo haufai kupita bure. Mgonjwa wa Lamu, ambaye mara nyingi hulazimika kuvuka maji hadi Mokowe na kushika njia ya Malindi au Mombasa kumtafuta bingwa wa mifupa, ana mambo mawili ya kuyajua mapema: ni kitu gani kitakachotiwa mwilini mwake, na nyumba atakayorudi kukaa iko tayari kumpokea au la.

Wengi wanaofikia hatua hii ni watu wazima ambao gegedu la kiungo, yaani utando laini unaofunika ncha za mifupa, limelika hadi mfupa unasuguana na mfupa. Pwani yetu ina kundi jingine pia, la vijana wenye selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi), ambao kichwa cha fupa la paja hufa kwa kukosa damu na wao wakaanza kuchechemea ujanani. Umri huamua mengi katika uchaguzi wa vifaa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 kutokana na rekodi za kitaifa za nchi za nje yalionyesha kwamba nyonga bandia 58 hivi kati ya 100 hudumu miaka 25. Kwa mzee wa miaka 75 muda huo unatosha, lakini kijana ajiandae kwa uwezekano wa kupasuliwa tena.

Kiungo bandia kwa kawaida kina sehemu nne: shina linaloingizwa ndani ya fupa la paja, tufe linalokaa juu ya shina, kikombe kinachokazwa kwenye mfupa wa nyonga, na bitana iliyo ndani ya kikombe. Shina la kushikwa kwa saruji hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu au kwa mchanganyiko wa kobalti na kromiamu. Lisilohitaji saruji huwa aghalabu la titaniamu, lenye uso wa vinyweleo au lililopakwa madini yanayofanana na ya mfupa, ili mfupa wenyewe uote na kuling'ang'ania. Saruji yenyewe ni akriliki, unga na maji yake, ambayo huchanganywa papo hapo katika chumba cha upasuaji, ikapata joto na kuganda kwa dakika 10 hadi 15 hivi. Kwa mzee ambaye mifupa yake imedhoofika, saruji mara nyingi ndiyo salama zaidi, wala asidhani amepewa kitu cha kizamani.

Swali kubwa ni hili: kitu gani kitasuguana na kitu gani? Daktari John Charnley wa Uingereza, mwasisi wa nyonga bandia ya kisasa, alianza na bitana ya Teflon, ikalika katika miaka michache. Mwaka 1962 akageukia polietilini, aina ya plastiki ngumu, ambayo ndiyo inayotumika hadi leo, ila ya sasa hupigwa miale ili isilike upesi. Chembe za plastiki iliyolika ndizo zilizowasumbua wagonjwa wa zamani, kwa kuwa mwili huzishambulia na katika mashambulizi hayo mfupa wa jirani huliwa, shina likalegea. Chuma juu ya chuma kilidhaniwa kuwa dawa ya tatizo hilo, lakini kobalti na kromiamu zikaingia damuni na kuharibu nyama za pembeni, na mwaka 2010 aina moja ikaondolewa sokoni duniani kote. Ukipendekezewa mpangilio huo leo, tafuta rai ya daktari wa pili bila kuona haya. Seramiki, yaani udongo maalumu uliochomwa ukawa mgumu, husuguka kidogo mno, ila ni ghali, na kwa nadra hupasuka au hutoa mlio mtu anapotembea. Kwa maoni yangu, tufe la seramiki juu ya polietilini iliyopigwa miale linamfaa kijana. Mzee wa kutembea kutoka nyumbani hadi msikitini atatosheka na tufe la chuma juu ya polietilini hiyohiyo, wala sioni sababu ya kuuza kiwanja ili apate zaidi.

Kila kifaa huja na kibandiko chenye jina la mtengenezaji, ukubwa na namba ya toleo. Omba vibandikwe kwenye daftari lako la hospitali, kisha uvipige picha kwa simu, kwani tufe la kampuni moja si lazima likae sawasawa juu ya shina la nyingine, na daktari atakayekurekebisha baadaye atahitaji kujua.

Kabla ya kusafiri, jino bovu na maambukizi ya mkojo yatibiwe, sukari idhibitiwe, sigara iachwe, na usinyoe nyonga kwa wembe nyumbani, maana mikwaruzo hukaribisha vijidudu. Mtajie daktari dawa zote, za miti shamba zikiwemo.

Kurudi kunahitaji hesabu ya maji. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, boti hukaa chini sana ya gati na ngazi zilizoachwa wazi huteleza kwa mwani. Panga ufike maji yakijaa. Ukishuka ngazi utangulize gongo na mguu uliopasuliwa, ukipanda utangulize mguu mzima. Barabarani simama na unyooshe miguu mara kwa mara ili damu isigande.

Ikiwa daktari amepitia nyuma ya nyonga, kwa kawaida atakukataza kwa wiki 6 hadi 12 kuinua goti juu ya usawa wa nyonga, kupishanisha miguu na kugeuza unyayo kuelekea ndani. Basi mbuzi ya kukunia nazi aikalie mwingine, kitanda cha kamba zilizolegea kiondolewe, na choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti imara kilichokatwa tundu. Sala iwe kitini, rukuu na sujudu kwa ishara. Punda asipandwe kabla ya ruhusa ya daktari, na katika vichochoro umpishe mapema kwa kujibanza ukutani.

Kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda, shavu la mguu likivimba na kuuma, au mguu ukafupika ghafla na kushindwa kukanyaga, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukikosa pumzi au kifua kikibana, usisubiri hata saa moja. Mchuaji asiitwe.