Joistiki Inayovuta Upande: Soma Namba Kwanza, Sawazisha Mara Moja

Ndege ya kwenye simuleta ikivuta upande mmoja bila wewe kugusa kitu, mara nyingi shida iko kwenye joistiki, mpini unaoiongozea. Joistiki mbili za modeli moja, hata zikitoka duka moja la Luthuli Avenue, Nairobi, hazitoi kompyuta namba zilezile za mahali mpini ulipo. Kwa hiyo usinakili mipangilio ya mwenzako.

Hatua ya 1. Chomeka waya kwenye kompyuta yenyewe, si kwenye hubu (kigawanyio cha USB).

Hatua ya 2. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika joy.cpl, fungua Properties, kisha Settings, ubonyeze Reset to default.

Hapa ndipo watu hupoteza jioni nzima. Windows husawazisha (hujifunza katikati na mwisho wa mwendo wa mpini) kivyake, X-Plane, yaani simuleta ya ndege, nayo kivyake. Ikiwa siku ya kusawazisha kwa Windows mpini haukufika pembeni kabisa, Windows huhifadhi vipimo hivyo vibovu na kupotosha namba kabla simuleta haijazipata. Hapo utarudia kusawazisha ndani ya X-Plane mara kumi na ndege itazidi kuvuta kushoto. Ndiyo maana ya Reset to default: futa vipimo vya Windows, uiachie X-Plane kazi hiyo. Joistiki za sensa ya Hall (inayopima kwa sumaku), kama T.16000M ya Thrustmaster, usizisawazishe kwa Windows hata kidogo.

Sasa bonyeza Calibrate, weka alama kwenye Display raw data, usome namba tu, halafu Cancel. Logitech Extreme 3D Pro husoma 0 hadi 1023, kwa hiyo katikati ni 512 hivi. Sukuma mpini mbele, achia, andika namba. Vuta nyuma, achia, andika. Rudia mara tano, kisha kushoto na kulia.

Ikirudi 499 mara hii na 525 mara nyingine, imekosea kwa 13, yaani asilimia 2.5 ya nusu ya mwendo wake. Ukanda mfu (eneo la katikati ambalo simuleta hupuuza mwendo wa mpini) wa asilimia 3 unatosha. Ukiweka 15, ndege haitaitikia miendo midogo ya mpini na kutua kutakuwa kwa kubahatisha. Ikirudi 530 kila mara bila kubadilika, ukanda mfu si dawa. Katikati ndiyo imehama, ipange upya. Namba zikirukaruka mpini ukiwa umetulia, potensiometa (kifaa cha ndani kinachopima mwendo wa mpini kwa mguso) ina vumbi au imechakaa.

Hatua ya 3. Kwa vumbi, chomoa waya, fungua, pulizia kontakti klina (dawa ya kusafisha migusano ya umeme) kidogo, chezesha mpini mara hamsini, acha ikauke. Usitumie mafuta ya kulainisha: huacha utando unaonasa vumbi zaidi.

Hatua ya 4. Sawazisha ndani ya X-Plane: peleka mpini kona zote, kisha uondoe mkono kabisa kabla ya kuthibitisha katikati. Uzito wa kiganja tu huihamisha.

Hatua ya 5. Ndani ya simuleta, ruka na Cessna 172 (ndege ndogo ya injini moja) kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hali ya hewa ikiwa tulivu. Kuinama kushoto taratibu nguvu ikiwa juu ni kazi ya propela. Ndege ikipanda kwa shida, kumbuka Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari: punguza mafuta kwenye mchanganyiko wa hewa na mafuta (mixture), mipangilio ya joistiki usiiguse.