Namna ya Kumchagulia Mtoto Jina Lenye Maana ya Hekima

Anza kwa kutafuta mzizi wa jina kabla ya kuvutiwa na mlio wake. Katika Kiarabu, mzizi wa herufi h-k-m ndio uliotupatia hekima, hukumu na hakimu, na humo mna majina mawili yanayochanganywa mara nyingi: Hakim lenye irabu ndefu mwishoni humaanisha mwenye hekima, ilhali lile lenye irabu ndefu mwanzoni ni mtawala au mwamuzi. Kwa kuwa maandishi yetu ya Kiswahili hayaonyeshi tofauti hiyo, uliza jinsi linavyoandikwa kwa Kiarabu. Aidha, Al-Hakim ni miongoni mwa majina ya Mwenyezi Mungu, ndiyo maana Waislamu wengi huchagua Abdulhakim, yaani mja wa Mwenye Hekima.

Ukipenda jina la Kigiriki, Sofia ni neno lenyewe la hekima, halihitaji ufafanuzi zaidi.

Kwa Kijapani, usiridhike na matamshi. Tomoko likiandikwa 智子 hubeba alama ya hekima, lakini likiandikwa 友子 alama yake ya kwanza ni ya rafiki; kwa hiyo mzazi huchagua maandishi pamoja na sauti.

Hatimaye litamke pamoja na jina la baba, kisha amua tahajia moja kabla ya kuandikisha cheti cha kuzaliwa. Binafsi, ningefikiria kwanza Hekima au Busara, ambayo jirani yeyote ataelewa bila kufasiriwa.