Kupanga nembo kwenye kizibao cha pikipiki: ipi ikae wapi, na ipi isikae kabisa

Duka la nembo la mtandaoni halikuulizi wewe ni nani. Unabonyeza, unalipa, kifurushi kinafika. Ndiyo maana watu wengi huanza kwa kununua na kuuliza maana baadaye, wakati sindano imeshapita. Mwongozo huu ni wa mwendeshaji asiye na klabu, au aliye na kikundi cha marafiki tu, ambaye hataki kizibao chake kimletee maneno barabarani. Nimewashonea wengi na kuwafumulia wengi, na karibu kila mara tatizo lilikuwa mgongoni, si kifuani. Kwa hiyo hatua ya 3 isome mara mbili.

Hatua ya 1: Chagua kizibao

Kama ni cha kwanza, chukua cha jinzi nzito. Ngozi inapendeza, lakini tundu la sindano kwenye ngozi halifutiki, na mtu anayeanza lazima atabadili mpangilio. Kijaribu juu ya jaketi unalovaa ukiendesha. Cha jinzi kifue na kukikausha kabla ya kushona chochote, kwa sababu kikisinyaa baadaye nembo zote zitajikunja.

Hatua ya 2: Zitandaze nembo zote mezani

Zigawe mafungu matatu: za mambo uliyoyafanya, za vitu unavyovipenda, na zinazosema wewe ni wa kundi fulani.

Fungu la kwanza lina sharti moja: uwe umelifanya jambo lenyewe. Nembo ya tamasha ni ya aliyefika tamashani. Nembo ya SaddleSore 1000 ya Iron Butt Association, chama cha waendeshaji wa masafa marefu, ni ya aliyeendesha maili 1,000, yaani kama kilomita 1,600, ndani ya saa 24 na safari yake ikahakikiwa. Nembo za kikosi cha jeshi na za vita ni za waliotumikia, na hapa sina mjadala: kama si wewe uliyetumikia, isiguse kizibao chako. Ukitaka kumuenzi baba au ndugu aliyetumikia, tengeneza nembo ya kumbukumbu yenye jina lake, ionekane wazi kuwa ni kwa heshima yake.

Fungu la pili, yaani aina ya pikipiki, ndege, fuvu, maneno ya kuchekesha, ni lako. Fungu la tatu liweke pembeni usome hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Mgongo

Mgongo wa kizibao una lugha yake, na lugha hiyo ilikomaa katika klabu za pikipiki za Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mpangilio unaotambulika ni wa vipande vitatu: upinde wa juu wenye jina la klabu, nembo ya klabu katikati, na upinde wa chini unaotaja eneo. Pembeni huwa na kipande kidogo chenye herufi MC, kifupi cha Motorcycle Club, yaani klabu ya pikipiki. Aliyevaa hivyo amepitia kipindi cha kuwa mtarajiwa, yaani mwanachama wa majaribio, ametumwa, amepimwa, amepigiwa kura. Havai pambo.

Upinde wa chini ndio mzito kuliko vyote, kwa sababu unatangaza eneo. Pale penye klabu iliyojikita, klabu hiyo hutarajia kuombwa ridhaa kabla mtu mwingine hajavaa jina la eneo hilo. Wewe uliyeagiza upinde wenye jina la mkoa wako kwa sababu unaupenda mkoa wako, umetamka jambo kubwa bila kujua. Hapo utetezi wa “mimi napenda kwetu tu” hausikiki, kwa kuwa anayekutazama kutoka nyuma, wewe ukiwa mita 30 mbele yake, hasomi maneno. Anaona umbo. Pinde mbili na duara katikati tayari ni kauli.

Kwa hiyo, kwa mtu asiye na klabu: usiweke kipande chochote cha upinde mgongoni, hata maneno yake yawe ya utani. Ukitaka nembo kubwa, iwe moja, kipande kimoja, bila MC na bila jina la eneo. Vikundi vingi vya waendeshaji visivyo klabu za MC huvaa kipande kimoja kwa sababu hiyo hiyo. Mgongo mtupu nao ni chaguo zuri kabisa, na mimi humpendekezea kila anayeanza.

Angalia rangi pia. Klabu kubwa zina zake: Hells Angels wanajulikana kwa nyekundu na nyeupe, Bandidos kwa nyekundu na dhahabu, Outlaws kwa nyeusi na nyeupe. Hakuna anayemiliki rangi nyekundu duniani, lakini nembo kubwa ya mgongoni yenye maandishi mekundu juu ya nyeupe itaulizwa. Badilisha rangi kabla ya kulipia.

Kisha alama ndogo zinazobeba mengi. Nembo ya umbo la almasi yenye 1% inatokana na vurugu za waendeshaji pikipiki mjini Hollister, California, Julai 1947, na kauli inayonasibishwa na chama cha waendeshaji cha Marekani, AMA, kwamba asilimia 99 ya waendeshaji ni watii wa sheria. AMA wamesema hawana kumbukumbu ya kuitoa kauli hiyo, lakini klabu za nje ya sheria ziliichukua ile asilimia moja zikaifanya yao. Usiivae, hata kifuani, hata ndogo kama kifungo. Namba 81 ni H na A kwa mpangilio wa alfabeti, yaani Hells Angels. Nembo za kuunga mkono klabu huuzwa na klabu zenyewe kwa yeyote, lakini ukiivaa umechagua upande, na klabu hasimu itakuhesabu hivyo.

Mkiwa kikundi na mnataka nembo ya pamoja ya mgongoni, chora kwanza, msiagize. Kiongozi wenu aende mwenyewe kwa klabu iliyojikita eneo lenu, aombe kuonana na viongozi wao, aonyeshe mchoro, aeleze ninyi ni nani na hamdai eneo. Asitume ujumbe wa simu. Aende bila kuvaa kitu chochote cha mchoro huo. Wakisema ondoeni kitu fulani, ni rahisi kuondoa mstari kwenye karatasi kuliko kufumua vizibao vya watu wote.

Na kama umeshashona? Fumua yote, usifunike. Nilimsaidia kijana mwenye kizibao cha ngozi kilichopigwa jua muda mrefu; tulipotoa pinde, ngozi ya chini ilikuwa nyeusi tii na iliyozunguka imefifia, hivyo umbo la pinde mbili lilibaki palepale, na mstari wa matundu umelizunguka. Ilibidi ashonewe kipande cha ngozi cha mraba kilichofunika mgongo wote.

Hatua ya 4: Kifua

Jina kulia, unachokithamini zaidi upande wa moyo. Nembo ya marehemu usiizungushie utani. Bendera ikae juu kuliko nembo nyingine, isiwe imepinduliwa. Acha nafasi, kizibao hujazwa kwa miaka.

Hatua ya 5: Kushona

Pasi usiitumie. Gundi iliyo nyuma ya nembo huachia kwa jua na mvua, na joto huharibu ngozi. Shona kwa uzi wa poliesta, rangi ya ukingo wa nembo. Kwenye jinzi shikiza kwa pini; kwenye ngozi tumia vibanio au gundi kidogo ya kitambaa katikati, kwa sababu pini huacha tundu.

Kabla ya mshono wa kwanza ingiza mkono mfukoni. Ukiusikia mfuko upo nyuma ya nembo, fumua bitana kidogo kwa chini, shona kwenye tabaka la nje peke yake, kisha urudishie bitana. Ukishona kwa haraka unaufunga mfuko.

Mkono naupenda kuliko cherehani kwa jinzi: subana kidoleni, mishono midogo ya mshazari inayoshika ukingo mnene wa nembo. Kwa ngozi mpelekee fundi mwenye sindano ya ngozi, umwambie mshono uwe wa milimita 3 hadi 4. Matundu yakikaribiana mno, ngozi hukatika kwa kufuata mstari.

Hatua ya 6: Kuvaa mbele za watu

Usiguse kizibao cha mtu wa klabu, wala usikiokote kimeanguka bila kumwita mwenyewe. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mgongo wake. Ukiulizwa kuhusu nembo yako, jibu kwa ufupi na ukweli. Ukiambiwa uivue, vua, kisha uulize sababu kwa upole mkiwa mmekaa. Ukisafiri nje ya nchi, soma sheria za huko: Ujerumani, kwa mfano, ilikaza mwaka 2017 sheria ya kuonyesha hadharani nembo za klabu zilizopigwa marufuku.

Na siku ukijiunga na klabu, uliza mapema nani mmiliki wa nembo za mgongoni. Kwenye klabu nyingi za MC ni mali ya klabu, na anayeondoka huzirudisha.