Kabla hujachangia utafiti wa saratani ya watoto, omba bajeti uisome

Mimi ni mweka hazina wa kikundi kidogo cha wazazi kinachochangia utafiti wa saratani ya watoto. Si daktari. Kazi yangu ni kusoma maandiko ya miradi yanayotuomba fedha, kalamu mkononi, na kuuliza maswali ambayo mara nyingine humkera mtafiti. Wanaoniuliza wapeleke wapi mchango wao nawajibu hivi.

Usichanganye mifuko. Kumlipia mtoto aliyelazwa dawa na nauli ni jambo jema, na kama moyo wako uko huko, peleka huko bila kuona haya. Utafiti ni kitu kingine: faida yake kubwa humfikia mtoto ambaye leo hata hajaugua. Anayetaka kuona matokeo kabla mwaka haujaisha atachoka mapema.

Ukishaamua ni utafiti, fungua andiko utafute swali. Liwe swali moja, nawe usiye daktari ulielewe. “Kuboresha maisha ya watoto wenye saratani” ni maneno ya bango. Swali lenyewe huwa kama hili: dawa iitwayo sisplatini huua seli za saratani, lakini huharibu masikio, mtoto akapona na usikivu umepungua. Je, akipewa dawa ya pili, sodiamu thiosulfeti, saa 6 baadaye, masikio yatasalimika bila sisplatini kupungukiwa nguvu? Jaribio la SIOPEL 6 liliuliza hivyo kwa watoto wenye hepatoblastoma, aina ya saratani ya ini, na majibu yakachapishwa mwaka 2018. Kati ya waliopewa sisplatini peke yake, asilimia 63 walipungukiwa usikivu. Kati ya walioongezewa ile dawa ya pili, waliopungukiwa walikuwa asilimia 33, na uponyaji haukupungua.

Nalitaja jaribio hilo kila mara kwa sababu linaonyesha pesa huenda wapi. Watoto walikuwa mia moja na kidogo tu, tena wamekusanywa kutoka hospitali za nchi kadhaa, maana ugonjwa wenyewe ni adimu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana 400,000 hivi hupata saratani kila mwaka, lakini wamegawanyika katika aina nyingi, na kila aina ina wagonjwa wachache. Ndiyo maana kampuni za dawa hazikimbilii soko hili, na ndiyo maana swali langu la pili kwa mwombaji ni: uko kwenye mtandao gani wa hospitali? Akiniambia atafanya peke yake, ugonjwa adimu, hospitali moja, naweka kalamu chini.

Halafu kuna suala la muda. Kipimo kikuu cha usikivu katika jaribio lile kilisubiri mtoto afikishe angalau miaka mitatu na nusu, aweze kuitikia sauti anazosikia. Wengi walikuwa wametibiwa wakiwa wadogo zaidi. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kujua familia imehamia wapi, mama amebadilisha namba ya simu, kipimo kinafanyika lini. Mtu huyo ni muuguzi wa utafiti au mtunza takwimu, na katika bajeti ndiye wa kwanza kukatwa. Mashine hupata wafadhili upesi kwa sababu inapigwa picha na kubandikwa kibao cha jina. Karani hajabandikwa kibao bado. Mimi hutafuta mshahara wake kwanza, kisha jokofu la sampuli la nyuzi 80 chini ya sifuri pamoja na umeme wake wa akiba, kisha fedha za kuwafuatilia watoto baada ya matibabu. Kifungu kimojawapo kikikosekana, narudisha andiko.

Gharama za uendeshaji zisikutishe. Ukaguzi wa hesabu na bima ya washiriki havifanyiki bure, na bajeti inayodai haina gharama hizo hunipa wasiwasi zaidi.

Karatasi za kudai ni chache: kibali cha kamati ya maadili, uthibitisho kwamba jaribio limesajiliwa hadharani kabla ya mtoto wa kwanza kuingizwa, na ahadi ya maandishi ya kuchapisha matokeo hata yakiwa mabaya. Lipa kwa awamu, kila awamu kwa ripoti.

Usiwapuuze pia wanaotafiti mambo yasiyo na mvuto. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto hupona; katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30, ilhali dawa nyingi zinazohitajika zimekuwepo kwa miongo. Anayechunguza kwa nini wazazi hukatisha matibabu, au kwa nini uvimbe unagunduliwa umechelewa, naye anatafuta tiba bora. Mimi humpa kura yangu.

Kama ulichonacho ni kidogo, toa kila mwezi badala ya kusubiri Septemba, mwezi wa kampeni ya saratani ya watoto, ambayo alama yake ni utepe wa dhahabu. Mshahara wa mtunza takwimu hulipwa kila mwezi, na mtafiti hathubutu kumwajiri kwa fedha za msimu.