Kununua Land Rover ya zamani Uganda na kuifanya itembee

Kama unaitaka Land Rover ya zamani, ile iitwayo Series, yenye springi za mabamba kabla ya zile za koili, usianze kwa kupekua matangazo ya Uingereza. Tangu 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 15 tangu litengenezwe, na hii ninayoizungumzia iliacha kutengenezwa 1985. Utanunua iliyokwisha kuwa nchini. Zimebaki kwenye misheni, shule kongwe za bweni, mashamba ya chai, na nyuma ya ofisi za wilaya ambako nyasi zimeota mpaka kwenye usukani zikingoja mnada. Hapa Arua, kwenye gereji yangu, nyingi hufika zikiburutwa.

Wateja huuliza bei kwanza. Mimi huuliza logibuku, kitabu cha umiliki wa gari. Isiyo na logibuku ni chuma chakavu hata ikinguruma vipi, usiguse. Ikiwepo, beba brashi ya waya na kitambaa chenye petroli, ulale mbele ya gari upande wa kulia, pale springi inaposhikwa na chesisi, fremu ya chini inayobeba gari. Namba imegongwa hapo. Sugua mpaka uisome, kisha ilinganishe na kibamba cha ndani ya kabini na karatasi. Zikipishana, mshukuru mwenye gari kwa chai uende zako. Namba ya injini kupishana si ajabu sana, kwa sababu Land Rover nyingi huku zimewekewa injini za Toyota au Isuzu. Sina ugomvi na hilo, mradi badiliko limeandikishwa na bamba la kuunganishia injini na gia boksi lilichongwa na mtu anayejua leisi, mashine ya kuchonga chuma, si kwa grainda na macho.

Halafu nyundo. Nenda na nyundo ndogo na nguo za kulalia chini, maana hapa ndipo pesa zako zitakapookoka au kuzama. Muuzaji atakuonyesha bodi. Bodi ni aluminiamu: gari hili lilipotoka mara ya kwanza, 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa kipimo baada ya vita, nayo aluminiamu ilipatikana. Haili kutu kama bati la kawaida, kwa hiyo bodi inayong'aa haikuambii lolote. Kinachooza ni chesisi. Chesisi yake ni boksi la chuma lenye uwazi ndani. Tope la mvua linaingia, linakaa humo, na kutu inaanza ndani ikija nje, kiasi kwamba ukiiona kwa macho imekwisha kazi yake zamani.

Gonga kuanzia nyuma, kwenye boriti iliyokingama inayobeba ndoano ya kuvutia. Njoo kwenye mikono inayotoka pembeni kushika bodi, umalizie mbele kwenye pembe za springi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti nzito iliyokufa na unga wa kutu unakudondokea usoni. Palipopakwa lami mpya, nene, gonga zaidi. Hakuna anayepaka lami mpya kwenye gari analouza bila sababu. Kisha funua zulia la mpira lililo miguuni pa dereva. Ukuta kati ya injini na kabini nao ni wa chuma, na ukiona barabara kupitia sakafu, muuzaji ashuke bei.

Mikono ya pembeni na boriti ya nyuma hazinitishi. Mafundi wa Katwe kule Kampala watazikunja upya kwa bati nene ukiwapelekea ya zamani kama kipimo, na hata hapa Arua wapo vijana wa kuchomelea ninaowaamini. Wakumbushe tu kuchomoa waya za betri na za altaneta kabla ya kuanza. Pembe za mbele zikioza ni habari nyingine: zinabeba ekseli na usukani. Mwalimu mmoja aliniletea ya namna hiyo, ameshalipa. "Fundi, utaitia kiraka tu," akasema. Nikamwambia, "Mwalimu, kiraka hiki ndicho kitakachoshika magurudumu ukiteremka na watoto wa watu." Tulikata chesisi nyingine, na ilimgharimu zaidi ya gari lenyewe.

Sasa kuhusu kiwanda, maana shida yote ya vipuri imetokea huko. Kampuni ya Rover ya Solihull, Uingereza, iliyotengeneza Land Rover, iliingia mikononi mwa kampuni ya magari ya Leyland 1967, na mwaka uliofuata ikawa ndani ya British Leyland pamoja na Austin, Morris, Triumph na Jaguar, ndugu wengi kwenye sahani moja wakimgombania mteja yule yule. Migomo haikukatika. Mwaka 1975 serikali ikalichukua kundi zima. Land Rover ilikuwa inauzika duniani kote, lakini faida yake ilikwenda kuziba matundu ya magari madogo, na yenyewe ikaendelea na injini ile ile ya lita 2.25 wakati Toyota anakuja Afrika na Land Cruiser yenye nguvu zaidi, na kipuri kiko dukani. BMW ilinunua kundi 1994, ikachoka 2000: Land Rover ikaenda kwa Ford, na kiwanda cha Longbridge kikauzwa kwa pauni 10. Waliokinunua, MG Rover, walianguka Aprili 2005. Tata wa India wameishika Land Rover tangu 2008, na Defender ya mwisho ya umbo la zamani ilitoka Solihull Januari 2016.

Hata hapa jirani tuliliona. Leyland ilianzisha kampuni Thika, Kenya, mwaka 1974, na huko Land Rover ziliunganishwa kutoka vipande vilivyoletwa kwa makasha. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, mitumba ya Japani ikajaa barabarani na kazi ya kuunganisha ikanywea. Ndiyo maana nikisikia habari za Kiira Motors, kampuni ya Uganda inayounda mabasi ya Kayoola kule Jinja, nafurahi, lakini swali langu la kwanza ni bea zake nitazipata duka gani nikiwa Arua.

Ukiielewa hadithi hiyo utajua namna ya kununua vipuri. Karibu kila utakachofunga kimetengenezwa na mtu mwingine, si kiwanda, na ubora unatofautiana kati ya boksi na boksi. Kamwe usiagize kwa jina la gari peke yake. Vua kile cha zamani, kifute, kitie kwenye mfuko na ukitume kwa mtu wako Kisekka, soko la vipuri la Kampala, akilinganishe mkononi. Kipya kitakuja kwa basi kutoka Arua Park, kituo cha mabasi huko huko Kampala. Na nunua spana za inchi. Spana ya milimita 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi lakini inacheza, na ikicheza inakula kona za nati. Nusu ya nati zilizoharibika ninazokutana nazo zimeharibiwa na spana, si na umri.

Injini ya petroli usiiogope, ila ukubali kwamba itakunywea lita moja kwa kilomita tano au sita. Kitu kimoja ujifunze mwenyewe, kurekebisha valvu, kwa kuwa mafundi vijana waliozoea injini za kompyuta hukisia. Fanya injini ikiwa baridi. Vua kifuniko cha juu na plagi zote, kisha zungusha kwa hendo ya mbele. Bila plagi hata mtoto wa shule anaizungusha. Zipo valvu nane. Hesabu kutoka mbele na ushike jumla ya tisa: valvu ya 8 ikiwa imesukumwa chini kabisa, unapima ya 1, ya 7 ikiwa chini, unapima ya 2, na kadhalika mpaka ziishe. Nafasi kati ya valvu na mkono unaoisukuma ni milimita 0.25 kwa zote. Kijembe cha kupimia kipite kikisuguana kidogo, kisipite bure wala kisikwame. Kaza nati ya kufungia huku bisibisi imeshikilia skrubu, kisha pima tena, maana hupenda kusogea wakati wa kukaza.

Andika vipimo ulivyovikuta kwenye daftari. Petroli yenye risasi ilikwisha kwetu 2006, na injini hizi zilizaliwa nayo: risasi ndiyo iliyokuwa ikikinga viti vya valvu. Kama nafasi ya valvu za egzosti inapungua kila unapopima, valvu inazama kwenye kiti chake. Siku moja hedi, kichwa cha injini, itahitaji viti vipya vya chuma kigumu, na ni heri uanze kuweka akiba mapema.

Breki ni za ngoma magurudumu yote. Ukivuka maji, zikanyage kidogo kidogo huku unatembea hadi zishike tena.

La mwisho ni hafushafti za nyuma, ule mtaimbo unaotoa nguvu kwenye difu, gia zilizo ndani ya ekseli, kuipeleka gurudumuni. Kwenye Land Rover hizi ndio mfupa dhaifu. Ukiachia klachi ghafla huku gari limebeba mzigo, utasikia mlio mmoja, kisha injini inazunguka na gari halisogei. Usitafute wa kukuvuta. Gurudumu halitatoka kwa sababu halishikwi na shafti. Fungua bolti sita za katikati ya gurudumu, vuta flenji, kile kisahani kilichoshikwa na bolti hizo, pamoja na kipande cha nje cha shafti, na kile cha ndani ukitoe kwa waya uliokunjwa ncha ili kisiende kusaga difu. Rudisha flenji peke yake kuzuia vumbi. Kisha bonyeza chini kile kitufe cha njano kilicho kando ya mti wa gia, magurudumu ya mbele yashike, na uende taratibu hadi nyumbani. Nimewaona watu wakifika kutoka mji wa Koboko hivyo.

Ukiagiza nyingine taja upande, kwa kuwa difu haikukaa katikati na ya kushoto ni ndefu kuliko ya kulia. Hesabu meno ya kile kipande ulichokitoa, umtajie muuzaji kabla hujatuma pesa.