Nyigu juu ya paa: ngazi iache
Nyigu wakijenga juu kwenye kenchi (mbao zinazobeba paa) au fishabodi (ubao wa ukingoni mwa paa), usipande ngazi. Wakikuvamia huko juu utaruka tu, na mguu uliovunjika hauponi upesi kama miiba yao. Ngoja giza liingie, wawe wamerudi wote na wametulia. Vaa mikono mirefu, simama chini, kando ya kiota, uwapulizie maji yenye sabuni ya vyombo ya kutosha kwa bomba la kupulizia dawa shambani; sabuni huwaziba matundu ya kupumulia. Tochi ifunike kwa kitambaa chekundu, mwanga mweupe huwavuta. Moto usithubutu, hasa penye makuti. Asubuhi, ukiona hakuna anayeruka, kiangushe kwa mti mrefu. Aliyewahi kuvimba midomo au kubanwa pumzi baada ya kuumwa asikaribie kabisa.