Mteja Anataka Kulipa kwa USDT: Amua Hivi Kabla ya Kumpa Anwani ya Pochi

Nimeandika haya kwa ajili ya watu wazima wanaofanya kazi ya ngono mbele ya kamera au wanaouza video na picha zao wenyewe za ngono mtandaoni, na ambao kila mara wanaletewa swali lilelile: "Unapokea kripto?" Mara nyingi wanamaanisha USDT, sarafu ya kidijitali iliyofungwa kwenye dola, moja kwa dola moja. Mimi nafanyia kazi hii Nairobi. Jibu langu kwa mteja asiyejulikana ni hapana, na kwa malipo ya aina moja ni ndiyo bila kusita. Nitaeleza tofauti.

Ushauri mwingi unaosambazwa huanza na kupokea: pakua pochi (programu ya kushikia kripto), nakili anwani (namba ndefu ya kupokelea), subiri pesa. Kupokea ni rahisi, hata mtoto wa shule anaweza. Wewe anza na kutoa. Pesa hiyo itakuwaje shilingi, nani ataliona jina lako siku hiyo, na ikikwama, kodi ya nyumba itatoka wapi? Ukishindwa kujibu hayo matatu, usimpe mtu anwani.

Kuhusu sheria, nitasema mara moja tu. Tanzania, kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza kuchapisha ponografia kupitia kompyuta. Kenya, kifungu cha 181 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu biashara ya machapisho yanayoitwa machafu. Kulipwa kwa kripto hakukuondoi chini ya sheria hizo, na anayekwambia vinginevyo anakudanganya. Aliye Ujerumani au Uholanzi yuko kwenye mazingira mengine: anajisajili, anatoa hesabu, analipa kodi kama mfanyabiashara yeyote.

Wanaosema tusitegemee kadi peke yake hawajakosea. Novemba 2019 PayPal iliacha kuwalipa wanaouza kazi zao kwenye Pornhub. Desemba 2020 Visa na Mastercard zikasimamisha kadi zao kwenye tovuti hiyo hiyo. Agosti 2021 OnlyFans ikatangaza kwamba kuanzia Oktoba itapiga marufuku maudhui ya ngono ya waziwazi, sababu ikiwa mabenki, kisha ikageuza uamuzi ndani ya wiki. Mtu aliyekuwa anategemea mlango mmoja alikaa siku hizo roho mkononi. Kwa hiyo njia ya pili ya kupokea pesa inahitajika. Tunachopima hapa ni kama kripto ndiyo njia hiyo kwako.

Hatua ya 1: Tambua ni kripto ya aina gani unayoambiwa

Watu huchanganya mambo matatu. La kwanza, mteja analipa jukwaa kwa kadi yake kama kawaida, lakini jukwaa linakulipa wewe kwa kripto mwisho wa wiki. La pili, mteja analipa jukwaa kwa kripto na jukwaa linakulipa kwa njia yoyote mliyokubaliana. La tatu, mteja anatuma moja kwa moja kwenye pochi yako.

La kwanza ndilo napokea bila kusita. Baadhi ya majukwaa ya kamera hutoa nafasi hiyo, na kwa mtu wa Afrika Mashariki linaweza kuondoa ile safari ya pesa kupita benki mbili za nje, kila moja ikikata chake. Anayekutumia ni kampuni moja unayoijua, siku inayojulikana, na taarifa ya malipo unayo. La pili haliko mikononi mwako, kwa hiyo sitalipotezea muda. Kazi iko kwenye la tatu, na hatua zilizobaki zinalihusu hilo zaidi.

Hatua ya 2: Soma masharti ya jukwaa mlikokutana

Majukwaa mengi yanakataza kumpeleka mteja akalipie nje. Ukishikwa, akaunti inafungwa pamoja na salio lililomo. Kabla ya kuokoa kato la jukwaa, tuseme asilimia 20 ya dola hamsini, angalia una kiasi gani ndani ya akaunti hiyo leo.

Kuna jambo jingine ambalo sisikii likizungumzwa. Kadi ya benki angalau inaashiria kwamba aliyeishika ni mtu mzima, na majukwaa makubwa siku hizi yanaongeza ukaguzi wa umri katika nchi zinazolazimisha. Pochi ya kripto haina umri. Mwenye nayo anaweza kuwa kijana wa miaka 15 na simu ya baba yake. Kama huna njia ya kuthibitisha umri wa anayelipa, usipokee. Hapo hakuna mjadala.

Hatua ya 3: Piga hesabu kwa shilingi, siyo kwa dola

Chukulia video ya dola 100. Jukwaa linalokata asilimia 20 linakuachia 80. Kwa dola moja kwa shilingi 129 za Kenya, hiyo ni 10,320 kabla ya makato ya benki. Mteja akikutumia USDT 100 moja kwa moja, na mnunuzi wa P2P (mtu anayenunua kripto yako kupitia soko la kripto na kukulipa kwa M-Pesa) akakupa 127 badala ya 129, unapata 12,700 kabla ya kuondoa ada ya mtandao wa kripto. Tofauti ni shilingi 2,380, na hapo ndipo wengi wanafunga daftari wakishangilia.

Usifunge bado. Ile asilimia 20 ilikuwa inalipia kutafuta wateja, kuhifadhi video, kukagua umri, na kumbukumbu za malipo. Nje ya jukwaa, kazi hizo zote ni zako. Kwa upande mwingine, kadi ina maumivu yake: mteja anaweza kutazama kila kitu, kisha wiki kadhaa baadaye akaiambia benki yake kwamba hakuidhinisha malipo, na pesa ikakatwa kwenye mapato yako. USDT ikishathibitishwa kwenye mtandao hairudishwi kwa njia hiyo. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa ya kripto katika kazi hii, kuliko kasi na kuliko ada. Kama wateja wako hawana tabia ya kudai pesa zao kupitia benki, faida hiyo ni ndogo. Pitia miezi yako ya nyuma uone umewahi kukatwa mara ngapi kwa sababu hiyo.

Hatua ya 4: Chora nani ataona nini

Watu husema kripto ni siri. Chukua anwani yoyote ya Tron, mtandao unaotumika sana kutuma USDT, iingize Tronscan, tovuti inayoonyesha miamala yake, na utaona kila kilichoingia, kila kilichotoka, tarehe, saa, mpaka senti. Huhitaji nywila. Mteja uliyempa anwani anaweza kufanya hivyo akiwa kitandani. Akiona umeingiza dola elfu mbili mwezi huu, kesho atataka punguzo, na huyo ni yule mwenye adabu. Yule mwingine atafuatilia pesa inaelekea wapi.

Kwa hiyo kila mteja apewe anwani yake. Elewa pia kwamba ukizikusanya pesa za anwani tano kwenye anwani moja, umeziunganisha zote mbele ya macho ya ulimwengu. Kamwe usitume kutoka kwenye pochi ya kazi kwenda kwa dada yako, mwenye nyumba, au mtu yeyote anayejua jina lako la kuzaliwa.

Jina halisi linatoka wakati wa kubadilisha. Ukiuza USDT kwa P2P, mnunuzi anaona jina lililo kwenye kitambulisho chako na namba ya simu ya M-Pesa. Yeye hajui pesa ilitoka kwa kazi gani, na hiyo ni kinga, mradi wateja wako wasiwe ndio wanunuzi wako. Mteja akisema, "Mimi nitakununulia hizo USDT nikutumie M-Pesa," anaomba jina lako kwa maneno ya mzunguko.

Na usifungue akaunti ya soko la kripto kwa kitambulisho cha binamu. Siku soko likiomba picha ya uso kwa uthibitisho mpya, pesa ni ya binamu.

Hatua ya 5: Sarafu moja, mtandao mmoja

Bitcoin kwa malipo ya kazi siipendi. Ilikaribia dola 69,000 Novemba 2021, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 17,000. Kama unataka kuwekeza, wekeza, lakini kwa pesa iliyobaki baada ya chakula.

Sarafu zinazofungwa kwenye dola ni bora kwa mshahara, ila nazo si mwamba. UST ya mradi wa Terra, iliyodai kufungwa kwenye dola, iliporomoka Mei 2022 na watu wakabaki na karatasi. USDC ilishuka kwa siku chache Machi 2023 kufikia karibu senti 87, benki ya Silicon Valley iliyokuwa na sehemu ya akiba yake ilipoanguka, kisha ikarudi. USDT ndiyo inayouzika kwa urahisi huku kwetu, lakini kampuni ya Tether ina uwezo wa kuifungia anwani, na imeshafungia nyingi zilizohusishwa na wizi. Chagua hiyo ukijua hilo.

Mtandao wa Tron, ule wanaouandika TRC20, ndio unaotumika sana. Anwani zake huanza na herufi T. Anwani inayoanza na 0x ni ya mitandao mingine, Ethereum na wenzake. Mwambie mteja mtandao kabla hajatuma. Na hapa kuna kitu kinachowakwamisha wapya: ada ya kutuma USDT kwenye Tron hailipwi kwa USDT, inalipwa kwa TRX, sarafu ya Tron yenyewe. Unaweza kuwa na USDT 300 kwenye pochi, unaziona, na huwezi kuzisogeza kwa sababu TRX ni sifuri. Nunua TRX kidogo uiweke humo kabla ya malipo ya kwanza.

Yale maneno 12 au 24 ya kufungulia pochi yaandike kwenye karatasi. Usiyapige picha. Simu ya kazi yetu hupita kwa mafundi, na picha zinajihifadhi zenyewe kwenye Google.

Hatua ya 6: Jifunze utapeli unaokuja na malipo haya

Picha ya skrini si malipo. Fungua pochi mwenyewe, kisha uthibitishe kwenye Tronscan. Hata ukiona maandishi "USDT", gusa uone ni tokeni (sarafu) gani, kwa sababu yeyote anaweza kutengeneza tokeni isiyo na thamani na kuipa jina hilo. Namba ya mkataba, ile inayotambulisha USDT halisi kwenye mtandao, iko kwenye tovuti ya Tether, nawe ilinganishe yote, siyo mwanzo na mwisho tu.

Mteja aliyelipa zaidi "kwa bahati mbaya" na anaomba umrudishie tofauti kwenye anwani nyingine, usimrudishie kwenye anwani hiyo nyingine. Huenda unasaidia kusafisha pesa ya wizi. Mteja anayekutumia kiungo cha "kuthibitisha pochi" anataka kuimaliza pochi. Utaona pia vijisenti vimeingia kutoka kwenye anwani inayofanana sana na yako au ya soko lako. Lengo ni wewe uinakili anwani hiyo kutoka kwenye historia siku ukiwa na haraka. Nakili kutoka kwenye chanzo, kila mara.

Hatua ya 7: Kubadilisha kuwa shilingi

Uza kwa wanunuzi wenye biashara nyingi zilizokamilika na muda mrefu sokoni, hata kama bei yao ni pungufu kwa shilingi moja. Soko hushika USDT zako mpaka wewe uziachilie, na mazungumzo na mnunuzi yatakuwa hivi:

"Sis, nimetuma. Achilia haraka, niko na wateja wengine."

"Sijaona, boss. Nikiona naachilia."

"Angalia SMS."

Hapo usiangalie SMS. Piga *334# au fungua programu ya M-Pesa uone salio limeongezeka, na uone jina la aliyetuma ni lilelile lililoko kwenye oda. Jina likiwa la mtu mwingine, kataa na ufungue malalamiko kwenye soko. Pesa iliyoibwa kwenye simu ya mtu ikiishia kwako, laini yako ndiyo itakayofungiwa wakati wa uchunguzi.

Mambo mawili madogo ya M-Pesa. Kama una deni la Fuliza, mkopo wa M-Pesa, litakatwa pesa ikiingia tu, kwa hiyo usishangae salio kuwa pungufu. Na kikomo ni shilingi 250,000 kwa muamala na 500,000 kwa salio.

Usilaze pesa sokoni kwa miezi. Walioziacha kwenye soko la FTX mpaka likafilisika Novemba 2022 walikuwa na salio zuri tu kwenye skrini.

Hatua ya 8: Daftari

Siku ya malipo andika tarehe, kiasi cha USDT, bei ya dola kwa shilingi siku hiyo, kazi uliyofanya, na namba ya muamala. Mapato ni mapato hata yakija kwa kripto. Kenya ilianza kutoza asilimia 3 ya thamani ya mali ya kidijitali inayohamishwa Septemba 2023, ikaifuta Julai 2025 na kuweka ushuru wa asilimia 10 kwenye ada ya watoa huduma, siyo kwenye pesa yako yote. Ushauri wa kodi ulioandikwa mwaka 2024 umeshapitwa. Tanzania, Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si halali kwa malipo, ilhali Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Msikilize mhasibu aliye Tanzania, siyo mimi.

Hatua ya 9: Jaribu mzunguko mzima kwa pesa ndogo

Kabla ya kumjibu mteja, nunua USDT 20 mwenyewe. Itume kwenye pochi yako, itoe pochini kwenda sokoni, iuze kwa P2P, na uhesabu shilingi zilizofika M-Pesa na muda uliotumika. Ikikwama mahali, umejua pa kurekebisha bila mtu kukusubiri.

Ikifika salama, mteja mliyezoeana na ambaye umri wake umethibitishwa mwandikie hivi: "Napokea USDT kwa TRC20 pekee, malipo kwanza, hairudishwi, kiwango cha chini dola 50. Anwani hii ni ya oda hii tu." Mgeni mwandikie kwamba unapokea kadi kupitia jukwaa. Akikasirika na kuondoka, rudi kwenye kamera.